Je, wajua kwa nini mkandarasi mdogo hufilisika akiwa na kazi mkononi?

Ukipita Mbagala au Tegeta, jijini Dar es Salaam, ukakuta kibao cha mradi kimesimama, mtaro umechimbwa nusu na hakuna fundi hata mmoja, utasikia watu wakisema mkandarasi amekula pesa. Mara nyingi ni kinyume chake. Pesa zake mwenyewe zimezama mle mtaroni, na hana nyingine ya kuendelea.

Mwenye duka hupokea hela ndipo atoe bidhaa. Mkandarasi hununua saruji, nondo na kokoto, akakodi mashine ya zege, akalipa mafundi. Kazi ikishapimwa na mhandisi akatoa cheti cha malipo, ndipo kusubiri kunapoanza. Mikataba mingi ya umma humpa mwajiri, yaani mwenye mradi, siku 28 za kulipa tangu cheti kitolewe, lakini siku hizo hugeuka miezi.

Tupige hesabu ya mfano. Kazi ni ya shilingi milioni 200, na faida aliyoitarajia ni milioni 20. Amekopa milioni 80 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Malipo yakichelewa miezi 6, riba peke yake ni milioni 7.2. Tuseme mwajiri naye amezuia asilimia 5 ya mkataba, yaani milioni 10, kama amana ya kufidia kasoro: nusu atarudishiwa kazi ikipokelewa, nusu baada ya kipindi cha matazamio, yaani cha kungoja kama kasoro zitajitokeza, ambacho aghalabu ni mwaka mzima. Kwa hiyo siku ya makabidhiano, faida iliyo mkononi ni milioni 7.8 tu. Na hapo nondo haijapanda bei. Mikataba mifupi, ambayo ndiyo wadogo hupata, kwa kawaida bei yake haibadiliki hata soko likipanda.

Malipo ya awali yapo, lakini huombwa kwa dhamana, na benki inataka hati ya nyumba. Kwa mwenye kampuni ya daraja la saba, la chini kabisa kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi, hati hiyo mara nyingi ni ya nyumba wanamolala watoto wake. Bodi ina mfuko unaowasaidia makandarasi kupata dhamana, na huo ni msaada wa kweli. Ila dhamana hailipi vibarua Jumamosi.

Jumamosi ndiyo siku nzito. Nimewahi kukaa saiti moja Chamazi, saa tisa alasiri. Mafundi walikuwa wameshanawa, wameketi juu ya tofali, kimya. Msimamizi alifunua daftari la mahudhurio, akalifunga, akalifunua tena. Mama lishe alisimama kando na karatasi yake ya madeni, wali maharage wa wiki nzima. Simu ya mkandarasi iliita bila kupokelewa. Jumatatu yake fundi nondo hodari kuliko wote hakurudi. Alikuwa amepata kazi Kigamboni kwa mtu anayelipa jioni kwa jioni.

Hapo ndipo ubora nao unapoponyoka, maana aliyeachwa na mafundi wazuri hukamilisha kazi kwa waliobaki. Masika ya Machi hadi Mei yakiingia kabla zege halijamwagwa, kingo za mtaro hubomoka, na kuchimba upya ni gharama yake asipokuwa amekata bima.

Mkataba kwa kawaida humruhusu kudai riba kwa malipo yaliyochelewa. Wachache huthubutu. Mwajiri huyo huyo ndiye atakayetangaza zabuni ijayo, na mkandarasi mdogo anaogopa kuitwa msumbufu. Naona hili ndilo linalouma kuliko yote: haki imeandikwa, na mwenye haki anainyamazia ili apate kazi nyingine.

Miezi kadhaa baada ya makabidhiano, mfuniko mmoja wa mtaro ukipasuka, ataitwa. Atakuja na mfuko wa saruji alioukopa, auzibe kwa mkono wake, kwa sababu milioni 5 zake bado zimezuiliwa.