Rasi ya Tumaini Jema haikuwa nchi tupu
Bado wapo wanaosema kwamba Wazungu na Wabantu waliingia Afrika Kusini wakati mmoja, wakaikuta haina mwenyewe. Si kweli.

Jan van Riebeeck alipotia nanga Table Bay, ghuba ya Cape Town ya leo, tarehe 6 Aprili 1652, kampuni ya biashara ya Uholanzi, VOC, haikumtuma kuanzisha koloni. Kazi yake ilikuwa kulima mboga na kutafuta nyama kwa ajili ya meli ziendazo Asia. Nyama hiyo ingetoka wapi katika nchi tupu? Ilitoka kwa Wakhoikhoi, wafugaji wa ng'ombe na kondoo, waliolipwa kwa shaba na tumbaku. Mwaka 1657 watumishi 9 wa kampuni waligawiwa mashamba kando ya mto Liesbeek, kwenye malisho ya Wakhoikhoi. Kufikia 1659 vita vilikuwa vimezuka. Mwaka uliofuata Waholanzi wakapanda ua wa mlozi mwitu kuwazuia Wakhoikhoi na mifugo yao. Sehemu yake ingalipo Kirstenbosch, bustani ya mimea ya Cape Town.

Wakulima wa Kibantu nao walikuwa wameishi KwaZulu-Natal, mashariki mwa Afrika Kusini, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya hapo. Kilichowazuia kufika magharibi, kwenye eneo la Rasi, ni mvua: kule hunyesha majira ya baridi, ilhali mtama na uwele huhitaji mvua ya majira ya joto.