Mifumo endeshi miwili kwenye kompyuta moja: hatari ziko wapi?

Kompyuta yenye mifumo endeshi miwili, tuseme Windows na Linux, haiiendeshi yote kwa wakati mmoja. Ukiiwasha inakuja menyu, unachagua mmoja, na mwingine unabaki umelala kwenye diski. Hatari nyingi zinaanzia hapo: kila mfumo umeundwa kana kwamba kompyuta nzima ni yake, kumbe diski, programu ya kuwashia na hata saa unachangia na mwenzake.

Hasara ya haraka zaidi hutokea siku ya kusakinisha, maana lazima diski igawanywe. Kupunguza sehemu ya Windows kwa kawaida hakufuti kitu. Lakini umeme ukikatika katikati ya kazi, au ukichagua kufuta diski yote badala ya kusakinisha kando ya Windows, faili zimekwenda. Nakala za faili ziweke kwenye diski ya nje. Wapo wanaozihamishia sehemu nyingine ya diski ileile, na sijui huwa wanajikinga na nini.

Hatari ambayo wengi hawaijui iko kwenye kuzima. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kuna kipengele kiitwacho Fast Startup. Kikiwa kimewashwa, ukiagiza Windows izime haizimi kabisa; huhifadhi hali ya kiini chake kwenye diski ili iwake upesi baadaye. Kwa hesabu yake, sehemu yake ya diski bado iko wazi. Sasa ingia Linux, fungua sehemu hiyo, futa folda moja, hifadhi waraka. Windows ikiamka huendelea na kumbukumbu za zamani zisizolingana na kilichopo, na hapo faili zinaweza kuharibika. Linux nyingi hugundua hali hiyo na kukuruhusu kusoma tu. Anayelazimisha kuandika kayataka mwenyewe. Dawa ni kukizima kipengele hicho kwenye mipangilio ya nishati kabla ya yote. Ukiwa na haraka, agiza Windows iwake upya badala ya kuzima, kisha uchague Linux kwenye menyu, kwa kuwa kuwasha upya hakutumii Fast Startup.

Menyu yenyewe nayo si ya kuaminika sana. Kwa kawaida huletwa na GRUB, programu inayokuja na Linux. Ukifuta sehemu ya Linux bila kurudisha mpangilio wa kuwasha, Windows nayo inaweza kugoma, ingawa ipo salama. Masasisho pia huleta balaa: Agosti 2024, sasisho la usalama la Windows lililolenga kuzuia matoleo ya GRUB yenye udhaifu lilizifanya baadhi ya kompyuta za mifumo miwili zishindwe kuingia Linux.

Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba data za diski, badiliko kwenye hatua za kuwasha linaweza kuifanya idai ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Usipokuwa nao, hata fundi hatakufungulia.

Saa kuruka mbele au nyuma kila ukibadili mfumo ni kero tu: Windows huhifadhi saa ya mahali ulipo, Linux huhifadhi saa ya dunia, UTC. Linux inaweza kuamriwa ifuate ya Windows.

Anayetaka kuionja Linux tu aiendeshe ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayofunguliwa kama programu ndani ya Windows. Itakuwa nzito kidogo, ila diski haigawanywi.