Kumsugua mbwa pua kwenye mkojo hakumfundishi usafi

Ujumbe unaozunguka mara kwa mara katika makundi ya gumzo unadai kwamba mbwa mdogo akikojoa ndani, dawa ni kumsugua pua kwenye mkojo huo na kumgombeza, hata kama saa kadhaa zimepita, kwa kuwa eti uso wake huonyesha wazi kwamba anajua kosa lake. Dai hilo si sahihi.

Mbwa huhusisha adhabu au zawadi na kile anachokifanya katika sekunde zilezile. Akiadhibiwa baadaye, anachojifunza ni kukuogopa, na huenda akaanza kukojoa kwa kujificha nyuma ya kochi. Kinachowachanganya watu ni ule mkao wake: masikio yamelala nyuma, mkia umebanwa katikati ya miguu, macho yanakwepa. Hiyo ni njia yake ya kumtuliza aliyekasirika, si majuto. Unaweza kulithibitisha mwenyewe: mwenzako amwage maji sakafuni, kisha umwendee mbwa ukiwa umekunja uso, aghalabu utauona mkao uleule, ingawa hana hatia.

Kinachosaidia ni kumtoa nje kila anapoamka, anapomaliza kula na baada ya kucheza, kisha kumzawadia kipande cha chakula papo hapo anapomaliza haja. Mbwa wa miezi 2 hawezi kubana mkojo kwa saa nyingi, hata angetaka. Sakafu nayo isisafishwe kwa dawa yenye amonia, kwani harufu yake hukaribiana na ya mkojo na inaweza kumrudisha palepale. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyeutuma kwa nini haufai.