Kwa nini mbegu ya mbuyu haioti ukiifukia tu?

Aliyekulia Pwani amefyonza mabuyu mengi na kutema mbegu uani, wala hakuna mbuyu ulioota hapo. Zile nyekundu za dukani zimeshapikwa na sukari, tuziache. Lakini hata ukipasua buyu lililoanguka lenyewe, ukazisafisha mbegu, ukazifukia kwenye udongo mzuri na kumwagilia kila asubuhi, unaweza kukaa miezi bila kuona hata jani. Wengi husema mbegu mbovu. Si mbovu. Ina kiu, ila maji hayaingii.

Ganda lake ni gumu na halipitishi maji, na kiini kisipolowa hakiamki. Kwa mti wa nchi kavu hilo ni jambo la uhai. Mvua ya kwanza ya msimu mara nyingi hudanganya: hunyesha siku mbili, kisha jua wiki tatu. Mbegu iliyoharakisha ingechipua na kukauka. Ya mbuyu husubiri mpaka ganda lichakae, na moja ya njia zake ni tumboni mwa tembo au nyani, ambako hulainika na kutoka na kinyesi mbali na mti wa mama.

Nyumbani kazi ya tembo tunaifanya kwa tupa, au msasa, au hata sakafu ya saruji. Tafuta kijicho cha mbegu, pale iliposhikana na nyuzi za buyu, kisha sugua upande wa mbali nacho. Sugua taratibu mpaka kahawia ya ganda iishe na weupe wa ndani uanze kuonekana. Komea hapo hapo. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha. Asubuhi ziangalie moja moja: iliyokunywa maji imevimba, ukiigusa unasikia imejaa, ambayo haijabadilika irudishe kwenye tupa. Zilizovimba zipande siku hiyo hiyo, kina cha sentimita 1 au 2. Kukiwa na joto, nyingi huchomoza ndani ya wiki mbili tatu.

Ukiwa na mbegu nyingi, chemsha maji, epua sufuria, tumbukiza mbegu na uziache humo mpaka kesho yake. Sufuria isirudi motoni, utazipika. Njia hii huwafaa pia mikwaju na migunga mingi. Kuna wanaotumia tindikali kali, nami nawasihi wasiifanye nyumbani, tupa inatosha.

Mlenda, ule ambao wenzetu wa magharibi mwa Kenya huuita mrenda, ni wa ukoo mmoja na mbuyu na bamia, na mbegu zake nazo hufunga ganda. Ila ni ndogo mno kusugua. Zifunge kwenye kitambaa chepesi, zichovye kwenye maji yanayotokota kwa sekunde 10 tu, zitie kwenye maji baridi, zianike kivulini, kisha panda.

Mgagani ndio unaowavunja watu moyo zaidi. Wanavuna mbegu, wanapanda mwezi unaofuata, kitalu kinabaki kitupu. Hapa kinachogoma ni kiini chenyewe, ambacho mbegu ikiwa mbichi bado hakijawa tayari. Maji ya moto hayasaidii kitu. Kausha mbegu vizuri, ziweke mahali pakavu miezi 3 hadi 6, ndipo uzipande. Na uzifunike kwa udongo mwembamba, kwa sababu mwanga huzizuia kuota. Embe ni kinyume kabisa: kokwa lake likikauka limekufa, hivyo lipande ukiwa umemaliza kula tu.

Turudi kwenye mbuyu, kwa sababu hatari kubwa huja baada ya kuota. Majani yake ya kwanza hayafanani na ya mti mkubwa. Hayana vile vidole vitano au saba. Ni jani moja moja, refu, la kawaida kabisa. Mche wangu wa kwanza uling'olewa na aliyekuwa akipalilia, na chini yake kulikuwa tayari na mzizi mnene, mweupe, kama karoti. Uliumia moyo wangu. Siku unayopanda, chomeka kijiti pembeni na uwaoneshe wote wanaoshika jembe hapo nyumbani.