Kukimbia au kupiga chuma? Dhana potofu kuhusu kupunguza mafuta mwilini

Mtu akiamua kupunguza mwili, hachelewi kuvutwa huku na huku. Hawa wanamwambia akimbie, aruke kamba, aendeshe baiskeli mpaka aloe jasho. Wale wanamwambia kadio, yaani mazoezi hayo ya kukimbiza moyo, ni kupoteza muda, ashike vyuma. Kila upande una picha zake za kabla na baada, na kila upande una jambo la kweli. Bahati mbaya ukweli huo umezongwa na maneno mengi yasiyo na msingi, na kuna watu wanaumia magoti, wanajinyima kula au wanaacha mazoezi kabisa kwa sababu ya maneno hayo. Tuyachambue.

“Vyuma vinachoma mafuta kuliko kukimbia”

Hii ndiyo inayovuma zaidi siku hizi. Hoja yake ni kwamba misuli inatumia nguvu hata ukiwa umelala, kwa hiyo ukiijenga utapungua bila kuhangaika. Ni kweli misuli inatumia nguvu. Swali ni kiasi gani. Kilo moja ya misuli iliyotulia hutumia kalori 13 hivi kwa siku, na kilo moja ya mafuta hutumia 4 na nusu. Tuseme umepiga chuma kwa miezi kadhaa ukaongeza kilo mbili za misuli, jambo ambalo ni la kujivunia. Umeongeza matumizi ya kalori 26 kwa siku, ambazo hazifikii hata kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Waliwachukua watu wazima wenye uzito uliozidi, wakawagawa makundi matatu kwa miezi minane: kadio peke yake, vyuma peke yake, na vyote viwili. Hawakuambiwa wabadili chakula. Kundi la vyuma liliongeza misuli, lakini mafuta yao karibu hayakuguswa. Kundi la kadio lilipunguza mafuta, na waliofanya vyote viwili walitumia muda maradufu bila kuwazidi wa kadio kwa tofauti ya maana katika mafuta yaliyotoka. Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kuingia jimu: katika saa moja ya vyuma, dakika nyingi ni za kupumzika kati ya seti (awamu moja ya kunyanyua) na seti. Anayekimbia hapumziki.

“Basi kukimbia kunatosha”

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kwanza hesabu. Mtu wa kilo 70 akikimbia hutumia takriban kalori 70 kwa kila kilomita. Akikimbia kilomita tano ni kalori 350. Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba kalori 7,700 hivi. Kwa hiyo anahitaji kukimbia mara 22 ili atoe kilo moja, tena kwa sharti kwamba asiongeze hata tonge moja kwenye sahani. Wale wa kundi la kadio la Duke, kwa miezi yao yote minane, walipoteza mafuta yasiyofika kilo mbili kwa wastani.

Tena mwili hujirekebisha. Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, na wanaotembea kuliko karibu yeyote anayekaa ofisini. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, kalori walizotumia kwa siku zilikuwa sawa na za watu wa Marekani na Ulaya. Mazoezi yana faida nyingi, lakini kupungua hasa kunaanzia kwenye chakula. Anayekwambia vinginevyo anakuchosha bure.

Pili, na hili ndilo zito: mizani haikuambii ni nini kimetoka. Ukipunguza chakula, mwili hautoi mafuta peke yake, unatoa na misuli. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watu 160 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wote wanene kupita kiasi. Makundi matatu yalipunguza chakula kwa miezi sita na kufanya mazoezi: moja kadio, moja vyuma, moja vyote viwili. Kwenye mizani yote yalifanana, yakipoteza karibu asilimia 9 ya uzito. Ndani ya mwili mambo yalikuwa tofauti. Kundi la kadio lilipoteza asilimia 5 ya mwili usio na mafuta (hasa misuli), la vyuma asilimia 2, la vyote viwili asilimia 3. Mifupa ya nyonga ya waliofanya kadio peke yake ilipungua msongamano wake kwa asilimia 3, na ya wale wa vyuma nusu asilimia tu. Walipopimwa uwezo wa kufanya shughuli za kawaida, kama kuinuka kwenye kiti na kupanda ngazi, kundi la vyote viwili lilipanda kwa asilimia 21, mengine mawili asilimia 14.

Mizani ile ile, watu tofauti kabisa. Kwa mzee, misuli hiyo ndiyo inayoamua kama atasimama mwenyewe au atashikwa mkono. Ndiyo maana nasema swali la “kipi kinachoma zaidi” linaulizwa vibaya. Chakula ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya mafuta, kadio inaongezea, na vyuma vinalinda kile ambacho hutaki kitoke.

Tena vinaweza kufanya zaidi ya kulinda. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kilitoa matokeo ya vijana wa kiume 40 waliopunguziwa chakula kwa asilimia 40 kwa wiki nne huku wakifanyishwa mazoezi makali ya vyuma na ya kasi ya muda mfupi. Waliokula protini gramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito walipoteza mafuta kilo 4.8, na juu yake wakaongeza misuli. Waliokula nusu ya protini hiyo walipoteza mafuta kilo 3.5, na misuli yao ikabaki pale pale. Ilikuwa ratiba ya kijeshi na siyo ya kuiga nyumbani, lakini imeonyesha kwamba kupungua na kupungua nguvu ni vitu viwili tofauti.

“Jasho likitoka, mafuta yanatoka”

Jasho ni maji ya kupoza mwili. Ukinywa maji, uzito unarudi. Mwaka 2014 watafiti Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walipiga hesabu ya mahali mafuta yanapokwenda: kati ya kilo 10, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa hewa ya kaboni dayoksaidi, na 1.6 hugeuka maji. Kukimbia umejifunga nailoni tumboni juani hakuchomi chochote cha ziada, na kunaweza kukuangusha kwa joto.

“Kitambi kinatolewa na mazoezi ya tumbo”

Misuli inapofanya kazi haichoti mafuta yaliyo jirani yake. Seli za mafuta huyaachia kwenye damu, na damu inayapeleka kila mahali. Mwaka 1971 watafiti waliwapima wacheza tenisi, watu ambao mkono mmoja unafanya kazi kuliko mwingine kwa miaka mingi. Mkono wa raketi ulikuwa mnene kwa misuli, lakini tabaka la mafuta chini ya ngozi lilikuwa sawa pande zote mbili. Sit-apu mia kila asubuhi zitakupa tumbo lenye nguvu chini ya nyama uzembe ile ile.

Ila kuna mafuta ya tumbo ambayo kadio ina ubora wake: yale ya ndani, yanayozunguka utumbo na kujaa kwenye ini, ambayo ni hatari kuliko yanayoshikika kwa vidole. Watafiti wale wa Duke walionyesha mwaka 2011 kwamba kadio inayapunguza kuliko vyuma. Mwenye ini lenye mafuta asiiache.

“Mwendo wa taratibu ndio unaochoma mafuta”

Ni kweli ukienda taratibu sehemu kubwa ya nguvu hutoka kwenye mafuta. Lakini jumla yenyewe ni ndogo. Kitufe cha kuchoma mafuta kwenye mashine ya kukimbilia kisikutishe wala kisikutawale. Na kukimbia kabla ya kula asubuhi? Utafiti mdogo wa mwaka 2014 kwa wanawake vijana haukuona tofauti kati ya waliokula kwanza na wasiokula.

“Mwanamke akishika vyuma atakuwa kama dume”

Homoni ya testosteroni kwa mwanamke iko chini mara kumi na zaidi kuliko kwa mwanamume. Miili mikubwa unayoiona kwenye mashindano inajengwa kwa miaka ya kazi ya makusudi, na mara nyingine kwa dawa. Dada, shika chuma.

Sasa, ukiwa na siku chache tu kwa wiki, upange vipi? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Mimi kwa anayepunguza chakula ningeanza na zile siku mbili za misuli, nisiruhusu ziguswe, halafu muda unaobaki niujaze kwa kutembea haraka, baiskeli au kuogelea. Mwenye uzito mkubwa asikimbilie kukimbia, magoti yake yatamshitaki. Ukifanya vyote viwili siku moja, vyuma vitangulie mwili ukiwa bado na nguvu.

Na si lazima jimu. Pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, kuvuta begi lililojaa vitabu kuelekea kifuani, vyote ni vyuma kwa misuli yako, mradi mara mbili za mwisho katika kila seti ziwe ngumu kweli. Ukiweza kurudia mara 30 huku unapiga soga, ongeza uzito. Protini iwepo katika kila mlo. Mwenye ugonjwa wa figo amuone daktari kwanza.

Kisha pima kiuno kwa utepe, usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula, ukiwa umetoa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo. Mara moja kwa wiki inatosha. Wiki za mwanzo za vyuma misuli hushika maji na mizani inaweza kusimama au hata kupanda. Kama kiuno kinapungua, mafuta yanatoka. Usipunguze chakula zaidi kwa sababu ya hasira ya mizani.