Usuluhishi wa malezi ya mtoto ndoa ya kimila inapovunjika

Usuluhishi wa malezi ni mazungumzo ya wazazi waliotengana, yakiongozwa na mtu asiyeegemea upande wowote, ili wakubaliane mtoto ataishi na nani, nani atalipia nini, na mzazi wa pili atamwona lini. Jijini Nairobi anayeongoza mara nyingi ni afisa wa watoto, mfanyakazi wa serikali anayehudumu katika kaunti ndogo. Yeye si hakimu: hatoi hukumu wala hamlazimishi mtu kutia sahihi.

Ndoa za kimila zina ugumu wake. Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitambua na kutaka zisajiliwe, lakini wengi hawajasajili. Mahari ilipelekwa kwa kina msichana, wazee wakala, wakabariki, basi. Zinapovunjika hakuna cheti cha kuonyesha, na wazee wa pande zote mbili huanza kuhesabu mifugo. Upande wa mume husema, "Ng'ombe tulitoa, mtoto ni wetu." Upande wa mke hujibu kwamba mahari haikumalizwa, kwa hivyo mtoto abaki ujombani. Hoja hizi zina mizizi katika mila za jamii nyingi, na msuluhishi mzuri hazidharau. Huwaacha wazee wakaseme yao yote. Hata hivyo, Ibara ya 53 ya Katiba imeshakata shauri: baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe walioana au la, na maslahi ya mtoto ndiyo hutangulizwa. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inasema hivyo hivyo. Deni la mahari ni la watu wazima, walimalize wenyewe. Mtoto si rehani.

Kazi yenyewe imo katika mambo madogo. "Baba atamwona mtoto wikendi" ni sentensi itakayozaa ugomvi kabla mwezi haujaisha. Afisa anayeijua kazi atauliza: kuanzia Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi? Mama yuko Kayole, baba yuko Kawangware. Nauli ni ya nani, na watakabidhiana mtoto wapi? Karo itaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule au itapitia M-Pesa ya mama? Shule zikifungwa Disemba, mtoto ataenda ushago kwa nani? Naye mtoto mwenyewe, akiwa na umri wa kujieleza, asikilizwe kando, bila shangazi na nyanya kumkodolea macho.

Makubaliano yakishatiwa sahihi, nguvu yake bado ni ndogo. Yanapata meno yakiwasilishwa katika Mahakama ya Watoto, kama ile ya Milimani, na kupitishwa kuwa amri. Hapo mzazi anayekiuka anaweza kuchukuliwa hatua. Wazazi wengi huishia kwa afisa, kisha matunzo yanakatika na anayelea anabaki hana pa kushika. Hatua hii isirukwe, hata kama mmeagana kwa tabasamu.

Palipo na kipigo, au mtoto anadhulumiwa, usuluhishi haufai kabisa. Kumketisha aliyepigwa meza moja na aliyempiga ni kumweka hatarini, na sahihi atakayotia ni ya woga. Kesi hizo ni za polisi na mahakama, na anayehofia usalama wa mtoto anaweza kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.