Je, wajua kwa nini historia ya mapinduzi ya Ireland ilikaa uvunguni mwa vitanda?

Muulize mtafiti yeyote wa Dublin atapata wapi habari za wapiganaji wa Cork au Tipperary wa mwaka 1920. Atakutajia maktaba, kisha atakutajia kopo la biskuti la bibi ya mtu: barua, picha, kadi za misa za kuwaombea marehemu, pengine na medali iliyoshika kutu. Nchi ina chumba cha kumbukumbu za jeshi, ina maktaba ya taifa, ina vyuo vikuu vikongwe. Sasa kwa nini karatasi za vita vilivyoizaa ziliishia mikononi mwa wajukuu?

Kwanza, kwa wasioijua habari yenyewe. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 24 Aprili 1916, wanajamhuri waliotaka kuitoa Ireland chini ya Uingereza waliteka Posta Kuu ya Dublin, na Patrick Pearse akasoma tangazo la kuundwa kwa jamhuri huru. Waingereza waliyazima maasi hayo ndani ya wiki moja na kuwapiga risasi viongozi. Hasira iliyofuata ikazaa vita vya uhuru kuanzia 1919 hadi 1921. Mkataba wa Desemba 1921 uliipa sehemu kubwa ya kisiwa serikali yake, lakini uliziacha kaunti 6 za kaskazini kwa Uingereza na kuwataka wabunge waape utii kwa mfalme. Waliokuwa kitu kimoja wakagawanyika, na kufikia Juni 1922 walikuwa wakipigana wao kwa wao.

Jibu la swali letu linaanzia kwenye moto, tena si mmoja. Mei 1921 IRA, jeshi la wapigania uhuru, ilichoma jengo la Custom House, zilimokuwa nyaraka za serikali za mitaa, ili kuuvuruga utawala wa Mwingereza. Kijeshi hoja ilikuwepo. Kwa anayetafuta ukoo wake leo, ni kilio. Mwaka uliofuata ikawa balaa zaidi. Waliopinga mkataba walikuwa wameyakalia majengo ya mahakama ya Four Courts tangu Aprili, na humo ndimo ilimokuwa hazina ya nyaraka za taifa, zikiwemo karatasi za tangu karne ya 13. Jeshi la serikali mpya, iliyoukubali mkataba, likaanza kuyapiga kwa mizinga. Tarehe 30 Juni ukatokea mlipuko mkubwa, hazina ikateketea, na vipande vya karatasi vilivyoungua vikapeperuka na kuanguka mitaani. Daftari za sensa za miaka ya 1821 hadi 1851 zilipotea karibu zote. Mpaka leo pande mbili hizo zinatupiana lawama.

Moto wa tatu ndio unaoudhi kupita yote, kwa sababu uliwashwa kwa amri ya ofisini. Machi 1932 serikali iliyoshinda vita vya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa imeshindwa uchaguzi na inajiandaa kumkabidhi madaraka Éamon de Valera, aliyeupinga mkataba, adui wake wa jana. Siku chache kabla ya makabidhiano, waziri wa ulinzi Desmond FitzGerald aliagiza zichomwe taarifa za ujasusi pamoja na kumbukumbu za mahakama za kijeshi na za kuwaua wafungwa. Serikali hiyo ilikuwa imewapiga risasi wafungwa 77, kwa hesabu inayotajwa zaidi. Kwa wengi wao, barua ya mwisho iliyofika nyumbani ndiyo maandishi yaliyobaki.

Jibu la pili ni ukimya. Katika vita vile ndugu alimlenga ndugu, na vilipokwisha Mei 1923 wote walirudi kijiji kilekile, kanisa lilelile, duka lilelile. Utazungumza nini, na aliyemuua binamu yako anakuuzia sukari? Wengi wa walioshindwa walipanda meli kwenda Marekani na kuondoka na siri zao. Kule kaskazini, barua inayoitaja IRA ilikuwa kitu cha kuficha au kuchoma kabla polisi hawajagonga mlango. Watoto walikua wakijua tu kwamba kuna sanduku ambalo halifunguliwi.

Serikali yenyewe ilichangia ukimya huo. Kuanzia 1947 idara maalumu ya historia ya jeshi ilizunguka nchi nzima ikichukua ushahidi wa walioshiriki, na ikakusanya maelezo 1,773. Kazi nzuri sana. Halafu wakayafungia! Umma haukuyaona mpaka 2003, wasemaji walipokuwa wamekwisha kufa. Isitoshe, baadhi ya waliopinga mkataba waligoma kuzungumza na idara ya serikali hiyo. Ernie O'Malley, kamanda wa upande wao, akaamua kuwafuata mwenyewe miaka ya 1940 na 1950. Aliwahoji zaidi ya watu 400 na kuandika kila kitu kwenye madaftari, kwa mwandiko mbaya ambao umewatoa jasho wataalamu. Mwanawe, Cormac, ametumia miaka mingi akishirikiana na wanahistoria kuyasoma mstari kwa mstari. Madaftari yako Chuo Kikuu cha UCD, Dublin. Bila mtoto mvumilivu, yangekuwa michoro tu.

Ukitaka kuona jinsi familia ilivyobeba mzigo huu, mtazame Hanna Sheehy Skeffington. Mumewe, Francis, alikuwa mpinga vita, na wiki ile ya Pasaka aliingia mtaani kujaribu kuzuia uporaji wa maduka. Wanajeshi wa Uingereza walimkamata, na asubuhi ya tarehe 26 Aprili 1916 ofisa mmoja akaamuru apigwe risasi bila kesi katika kambi ya Portobello. Siku mbili baadaye wanajeshi waliivamia nyumba ya mjane huyo, naye akiwa na mtoto mdogo, na kuondoka na karatasi zake wakitafuta cha kumtia hatiani marehemu. Hanna alikataa fidia ya pauni 10,000, akataka uchunguzi wa wazi, kisha akaenda Marekani kusimulia jukwaa baada ya jukwaa, mpaka akaonana na Rais Woodrow Wilson. Nyaraka za familia hiyo sasa ziko Maktaba ya Taifa. Na kambi ya Portobello? Ilibadilishwa jina ikawa Cathal Brugha, na humo ndimo leo yalimo makao ya kumbukumbu za jeshi la Ireland. Mtafiti anaonyesha kitambulisho getini pa kambi ileile.

Kuna pia jina ambalo wasomaji wa Kongo huenda wanalifahamu. Roger Casement, aliyefichua ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold kwa ripoti yake ya 1904, alinyongwa London mwezi Agosti 1916 kwa kutafuta silaha Ujerumani kwa ajili ya Ireland. Aliyehangaikia jina lake na karatasi zake hakuwa waziri wala profesa, bali binamu yake, Gertrude, na sehemu kubwa ya alichokitunza iko Maktaba ya Taifa, Dublin.

Tuje kwenye sanduku lenyewe. Adui wake huja polepole. Kipande cha gazeti kina asidi. Kikikaa miaka juu ya barua, huiachia doa la kahawia lenye umbo lake. Pini na klipu hushika kutu na kutoboa karatasi. Wino wa zamani uliotengenezwa kwa chuma huula ukurasa pole pole, mpaka herufi zinabaki matundu. Penseli ya kawaida, ambayo wengi huidharau, hudumu kuliko wino mwingi. Ila kulikuwa na penseli za kunakilia, zilizopendwa sana enzi zile: mwandiko wake mkavu ni wa kijivu, lakini tone la maji likiugusa hugeuka zambarau na kuchuruzika. Kwa hiyo ukikuta barua ya mfungwa wa Frongoch, kambi ya Wales walikopelekwa wafungwa baada ya maasi, usiipanguse kwa kitambaa chenye unyevu hata kama ina vumbi la miaka 100.

Selotepu pia ni sumu, maana gundi yake hupenya na kuacha doa lisilotoka. Kulaminisha ni kuua kabisa, sijui nani alianza kutushauri hivyo. Mikono misafi mikavu yatosha kwa karatasi. Glavu za pamba hufanya vidole vizito na ndizo zinazochana. Weka kila karatasi kwenye jalada lisilo na asidi, au mfuko wa poliesta badala ya plastiki laini inayonuka, kisha hifadhi chumba cha kawaida cha kuishi. Darini hapafai: mchana joto, usiku unyevu.

Kabla ya kupanga upya, piga picha sanduku lilivyo. Barua zilizofungwa pamoja kwa utepe zilifungwa na mtu aliyekuwa na sababu, na ukizitawanya kwa kufuata tarehe umeipoteza sababu hiyo. Halafu skani, andika nani ni nani nyuma ya nakala, na mhoji mzee aliyebaki leo, si Krismasi ijayo. Mwaka 2013 ulianzia Chuo cha Trinity mradi ulioitwa Letters of 1916, ambako familia ziliweka nakala za barua na watu wa kawaida wakazinakili kwa kuchapa. Asili ilibaki kwa familia. Hilo lina uzito, kwa sababu mnada nao uko mlangoni: nakala moja ya tangazo la 1916, lililochapwa haraka kwenye karatasi duni, imewahi kuuzwa kwa mamia ya maelfu ya euro. Ndugu wakishagawana urithi vipande vipande, kuuunganisha tena ni vigumu.

Na sanduku nalo husema uongo. Waayalandi wana utani kwamba kama wote waliodai kuwa ndani ya Posta Kuu wangekuwamo kweli, kuta zingepasuka. Ndiyo maana mafaili ya pensheni za wapiganaji, yaliyoanza kuwekwa mtandaoni mwaka 2014, yamekuwa msaada mkubwa: zaidi ya watu 80,000 waliomba, na kila mmoja alitakiwa kuthibitisha alikuwa wapi na alifanya nini. Linganisha faili na barua za nyumbani, kila upande utaonyesha alichoficha mwenzake. Faili la Margaret Skinnider lina mfano mkali. Alipigwa risasi tatu akipigana Dublin mwaka 1916, akaomba pensheni ya majeraha, na mwaka 1925 akakataliwa kwa hoja ya kisheria kwamba neno askari katika sheria ile lilimaanisha mwanamume. Alikuja kulipwa 1938.